Mwalimu na Jiwe Jekundu

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni huvuka mto Pangani, akapita mashamba ya mkonge, kisha akaingia nchi ya Wazigua, nchi ya vilima vya chini, miti ya miiba na mvua haba. Nyuma yake, upande wa kaskazini, milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Njiani, mahali ambapo maji ya mvua yamechimba udongo, ataona changarawe nyekundu zenye giza, mchanga unaometameta kwa ulanga, na mara kwa mara mwamba mweupe kama chumvi ukitokeza katika majani. Watu wengi hupita wasitazame. Lakini mwamba wa namna ile na changarawe zile zilimfundisha mwalimu mmoja somo ambalo hakulipata katika chuo cha ualimu, na habari yake ndiyo hii.

Katika miaka ya 1960 palikuwa na shule ya misheni katika kijiji kimoja cha Handeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara ya motakaa. Mwalimu wa madarasa ya juu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye cheti cha ualimu, mpole kwa watoto, tena mwenye heshima kijijini. Watu walizoea kumwendea kwa kila jambo. Barua ikija, yeye ndiye aliyeisoma, dawa ikiletwa kutoka hospitali, yeye ndiye aliyeulizwa inyweweje, hata shauri la mpaka wa shamba likiwa gumu, wazee walisema, "Na aitwe Mwalimu." Heshima hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuwa na hatari yake. Mtu aulizwaye kila siku huzoea kujibu, na aliyezoea kujibu huona haya kusema, "Sijui."

Karibu na kijiji palikuwa na kilima, na ubavuni mwake ulipita mkanda wa mwamba mweupe. Wenyeji waliuita jiwe la chokaa, maana kanisa lilipojengwa, mawe yake yalichomwa katika tanuru usiku na mchana hata yakawa chokaa ya kujengea. Wenye elimu ya miamba huuita mwamba huo marumaru. Kandokando yake palikuwa na mwamba mwingine wa rangi ya kijivu na nyeusi, wenye mistari kama kitambaa kilichofumwa. Huo huitwa naisi.

Siku moja, masika yalipokaribia, mvulana wa darasa la sita alimjia Mwalimu baada ya masomo, ameshika kitu kilichofungwa katika kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una nini hapo?"

"Ni jiwe, Mwalimu. Nimeliokota chini ya mwamba mweupe nilipokuwa nikichunga mbuzi. Baba amesema nije nikuulize ni jiwe gani."

Mwalimu akalifungua. Lilikuwa kubwa kama yai la njiwa, jekundu lenye giza, na alipolielekeza kwenye jua, pembe yake moja ikawaka kama kaa la moto. Moyo wake ukaruka. Siku zile habari za bonde la mto Umba zilikuwa zimeanza kuenea katika nchi yote ya Tanga. Huko kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, watu walikuwa wamepata yakuti za rangi nyingi, nao wanunuzi walikuja kutoka mbali. Tena Mwalimu aliwahi kusoma ya kuwa katika nchi ya Burma yakuti nyekundu hupatikana ndani ya marumaru. Akaunganisha mambo hayo mawili kwa haraka: hapa pana marumaru, na hili ni jiwe jekundu.

"Mwambie baba yako," akasema, "ni yakuti."

Neno hilo lilikuwa fupi, lakini lilikwenda mbali kuliko mbio za mvulana yule. Kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kilikuwa na habari. Kesho yake baba wa mtoto alichukua jembe lake, si kwenda shambani, bali kwenda kilimani. Siku ya tatu yalikuwapo majembe kumi na moja. Watu walichimba mashimo yenye kwenda chini kuliko kimo cha mtu, bila miti ya kuzuia udongo, wakachekecha mchanga kwa nyungo za wake zao. Mawe mekundu yalipatikana, tena mengi. Na kwa kuwa yalikuwa mengi, watu walizidi kufurahi. Hapana aliyejiuliza kwa nini kitu cha thamani kubwa kitapakae ardhini kama kunde zilizomwagika.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Waliokuwa mbali na kilima wakapanda mahindi yao. Wale wa kilimani wakaikimbia mvua chini ya mti, na ilipokwisha wakarudi mashimoni. Mwalimu alipopita walimwita kwa shangwe, naye akawapungia mkono. Katika nafsi yake alikuwa amekwisha kujenga shule mpya yenye bati.

Siku ya kumi na nne, jioni, mama wa mvulana alikuja nyumbani kwa Mwalimu. Akasalimu, akakaa juu ya kigoda, akanyamaza kitambo. Halafu akasema:

"Mwalimu, mvua imenyesha mara tatu, na shamba letu halijapandwa. Sikuja kubisha neno lako. Nimekuja kuuliza tu: je, una hakika?"

"Nina hakika, mama," Mwalimu akajibu.

Mama akashukuru akaenda zake. Lakini usiku ule Mwalimu hakupata usingizi. Alijiuliza hakika yake imetoka wapi, asione mahali ilipotoka. Hakuwa amelipima jiwe lile, wala hakuwa amepata kuiona yakuti kwa macho yake hata siku moja. Alikuwa ameona rangi tu, akalipa jina.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akaamka kabla ya alfajiri, akalitia jiwe mfukoni, akatembea mpaka barabarani, akapanda lori la mkonge hadi Korogwe. Pale mjini, karibu na soko, alikuwako sonara mzee ambaye watu walimsifu kwa uaminifu. Mwalimu akamweleza habari, akaliweka jiwe mezani.

Sonara hakusema neno. Alilisugua kwa burashi na maji mpaka udongo wote ukatoka, akaliweka juu ya kitambaa cheusi.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiwe ufundishaye hesabu. Haya, hesabu nyuso zake."

Mwalimu akaligeuza jiwe huku na huku. Hakuwa ameona kabla ya hapo ya kuwa lina nyuso zilizo sawasawa, kana kwamba fundi alikaa akalichonga. Kila uso ulikuwa na pande nne zilizo sawa, kama kipande cha kashata kilichokatwa mshazari. Upande mmoja ulikuwa umevunjika kidogo, lakini aliweza kuhesabu: nyuso kumi na mbili.

Sonara akafungua kisanduku, akatoa kijiwe chekundu kisichofika ukubwa wa punje ya mahindi. "Hiki kimetoka Umba. Hesabu pande zake."

Kilikuwa bapa, chenye pande sita, kama nati ya baiskeli.

"Hiki ndicho yakuti," akasema sonara. "Sasa tazama." Akakikwaruza kijiwe cha Umba juu ya jiwe la Mwalimu, akapuliza vumbi. Alama ikabaki, wala haikufutika. Kisha akafanya kinyume chake, akalikwaruza jiwe la Mwalimu juu ya yakuti. Likateleza lisiache alama yo yote. "Jiwe lako ni garneti. Garneti iliyo safi na angavu hununuliwa, lakini hii imejaa nyufa na giza. Nikinunua kikapu kizima, bei yake haitakurudishia nauli ya lori. Tangu habari za Umba zilipokuja nimeletewa mawe kama haya mara nyingi. Jiwe haliulizwi jina lake kwa rangi, Mwalimu. Rangi ni nguo tu."

Mwalimu akashukuru, akatoka.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwenda. Lori lilimshusha barabarani, naye akatembea peke yake katika jua la mchana. Mawazo mengi yalimjia. Angeweza kusema ya kuwa jiwe ni yakuti, ila la namna hafifu. Angeweza kusema ya kuwa sonara wa Korogwe ni mjinga. Angeweza hata kunyamaza kimya, maana wachimbaji wangechoka wenyewe siku moja na kusema, "Hatukuwa na bahati." Hapana mtu ambaye angejua. Akakumbuka mlango wa 28 wa kitabu cha Ayubu, unaotoa habari za watu watobojao miamba hata wakapata vito, na kuuliza hekima nayo yapatikana wapi. Alikuwa ameufundisha mlango ule mara nyingi. Siku ile ndiyo aliyousoma kwa miguu yake.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, aliwaomba wakae chini ya mwembe. Akasimama mbele yao, na jiwe mkononi.

"Ndugu zangu," akasema, "jiwe hili si yakuti. Ni garneti, tena halina bei. Hapana mtu aliyenidanganya. Mtoto aliniuliza, nami sikujua, nikajibu kama mtu ajuaye. Mmeacha mashamba yenu kwa ajili ya neno langu. Nimekosa."

Watu wakanyamaza. Vijana wawili wakacheka kwa uchungu. Kisha baba wa mvulana akasimama.

"Mwalimu, siku kumi na sita jembe langu halikugusa shamba."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na mvua iliyopita haitarudi kwa sababu umekiri."

"Ndiyo, haitarudi."

Mzee akatazama chini kwa muda. "Lakini ungalinyamaza," akasema, "kesho ningaliuza mbuzi wawili ninunue mtarimbo." Akavaa kofia yake, akaondoka. Hakumpa Mwalimu mkono siku ile.

Jumatatu, masomo yalipokwisha, Mwalimu alichukua jembe akaenda katika shamba la mzee yule, na wanafunzi wake wakamfuata bila kuitwa. Mahindi yalikuwa yamekwisha kukosa wakati wake, basi wakapanda mtama na kunde, ambazo hustahimili jua. Wakasaidia pia katika mashamba mengine ya wachimbaji. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa machache. Mwalimu alinunua magunia mawili ya mahindi kwa mshahara wake, akayapeleka usiku, ili asionekane kama mtu atafutaye sifa. Na mashimo ya kilimani yakafukiwa, asije akatumbukia mtoto au mbuzi.

Yule mvulana aliona haya kuliko baba yake, maana wenzake walimwita "Yakuti" kwa dhihaka. Akalitupa jiwe lake nyuma ya shule. Mwalimu akamwita.

"Mwanangu, kosa halikuwa lako wala la jiwe. Wewe uliuliza, na kuuliza si ujinga. Kalilete. Sasa tutaanza kuuliza kwa njia iliyo sawa."

Mwalimu akaazima kwa padre kitabu cha habari za miamba, na kila Ijumaa alasiri akalipeleka darasa kilimani. Hapo ndipo walipoanza kukiona kilima ambacho walikuwa wamekitazama maisha yao yote.

Kwanza alitwaa kipande cha mwamba mweupe, akakitwanga kuwa unga, akaukamulia limau. Unga ukatoa povu kwa sauti ndogo. Akafanya vivyo hivyo kwa naisi, nao haukutoa kitu. "Povu hili," akasema, "ni hewa iliyofungwa katika chokaa tangu zamani. Chokaa ya mwamba huu ilitulia chini ya bahari."

Watoto wakashangaa, maana kutoka Handeni hata pwani ni mbali. Akawaeleza. Zamani sana, kabla ya kuwako mti wala mnyama wa nchi kavu, palikuwa na bahari, na ndani yake viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Tope la chokaa likatulia chini ya maji, na kando yake tope la udongo na mchanga. Kisha mabara mawili yakasogeleana polepole, kwa mwendo usiopita ukuaji wa ukucha, mpaka yakagongana. Tope lile likakunjwa na kushindiliwa, likazama chini kadiri ya maili 20. Huko joto lilifika nyuzi 800, nasi twajua ya kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100. Mambo hayo yalitukia zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Miamba haikuyeyuka yote, bali ilipikwa, kama mfinyanzi apikavyo chungu, na kila kitu kilichokuwamo kikajipanga upya. Chokaa ikawa marumaru, udongo na mchanga vikawa naisi. Milima mirefu iliyokuwa juu yake ikaliwa na mvua na upepo kwa muda mrefu usiohesabika, hata kilichokuwa chini sana kikatokea juu ya ardhi. Mkanda wa miamba hiyo hupita Kenya na Tanzania, ukaenda hata Msumbiji, na wataalamu huuita kwa jina la Msumbiji.

"Na mawe mekundu je?" akauliza mvulana.

Wakatafuta, wakaona ya kuwa mawe mekundu hayakuwa ndani ya marumaru hata moja. Yalitoka katika naisi iliyo kando yake, nayo mvua iliyachukua ikayaangusha chini ya mwamba mweupe. Mwalimu alikuwa ametazama mahali jiwe lilipolala, hakutazama mahali lilipozaliwa. Tena katika naisi, pembeni mwa kila garneti, palikuwa na chembe za jiwe gumu linalong'aa kama kioo, liitwalo kwatzi. Kitabu kilieleza jambo ambalo Mwalimu alilisoma mara tatu. Yakuti ni madini ya alumini na hewa ya oksijeni tu. Mahali palipo na kwatzi, madini ya kwatzi huishika alumini na kuumba nayo kitu kingine, kama vile garneti. Kwa hiyo yakuti na kwatzi hazikuumbwa kukaa chumba kimoja. Kama angalijua jambo hilo moja, angaliweza kulijibu swali la mtoto pale pale, bila sonara wala lori.

Kwa sababu hiyo yakuti nyekundu hupendelea marumaru, maana ndani yake kwatzi ni haba. Rangi yake nyekundu hutoka katika madini kidogo sana ya kromi, na yakuti ya buluu hupata rangi yake kwa chuma na titani. Huko Umba na jirani yake Kalalani, katika wilaya ya Korogwe, yakuti zilipatikana kwa njia nyingine, lakini sheria ni ile ile. Maji ya moto ya mwamba uliyeyuka yaliingia katika mwamba wa kijani uitwao serpentini, wenye upungufu wa madini ya kwatzi. Mwamba huo ukayanyonya madini ya kwatzi kutoka katika maji yale ya moto, na alumini iliyobaki peke yake ikawa yakuti.

Lakini je, marumaru ya kilima chao ilikuwa tupu? Hapana. Walipovunja mawe yaliyoanguka, waliona vipande vya ulanga wa rangi ya asali, vyenye kubanduka kama kurasa za kitabu. Waliona pia magamba meusi laini yaliyotia vidole masizi. Mwalimu akachukua gamba moja akaandika nalo juu ya karatasi.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Ni kalamu ya risasi!" wakajibu wote.

"Jina hilo nalo latudanganya," akasema Mwalimu, "maana ndani ya kalamu ile hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni hiki, kiitwacho kinywe, kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Na kinywe hiki cheusi ni mabaki ya wale viumbe wadogo wa bahari ya zamani. Kila siku mwaandika kwa kitu cha namna hii, wala hamjui."

Siku nyingine mvulana yule alipata, katika ufa wa marumaru, kipande cheupe kiangavu kama maji, unene wake kama wa kidole. Kila alipokivunja kilivunjika kwa mshazari ule ule, kikubwa kwa kidogo. Mwalimu alimwambia akiweke juu ya daftari lake. Mtoto akatazama, akapiga kelele:

"Mwalimu! Mstari mmoja umekuwa miwili!"

Wenzake wakakusanyika, wakasukumana ili waone. Ilikuwa kweli. Kila neno chini ya jiwe lile lilionekana mara mbili. Mwalimu akafungua kitabu, akawasomea ya kuwa mwaka 1669 mtu wa Denmark, jina lake Erasmus Bartholin, aliandika habari za jambo hilo hilo, kwa jiwe lililotoka kisiwa cha Iceland. Mwanga uingiapo katika jiwe hilo hugawanyika njia mbili. Na mwaka 1828 William Nicol, mtu wa Scotland, alikata jiwe la namna hiyo na kuliunganisha kwa ufundi, akafanya chombo cha kuuchunguza mwanga. Kwa vyombo vya jinsi hiyo, wataalamu wa miamba wameweza kutazama vipande vyembamba vya mawe na kuyatambua madini yaliyomo. Jiwe lile la mvulana halikuwa na bei sokoni Korogwe. Lakini toka siku ile hapana aliyemwita tena "Yakuti" kwa dhihaka.

Baba yake alisikia habari, akaja shuleni mwenyewe kutazama. Akakiweka kijiwe juu ya ukurasa, akakitoa, akakiweka tena. Hakujua kusoma, lakini aliweza kuhesabu mistari. Alipomaliza alimpa Mwalimu mkono.

Watoto walimwuliza Mwalimu kama wako watu wengine waliokosea kama yeye. Akawaambia habari za taji ya wafalme wa Uingereza. Mbele ya taji hiyo lipo jiwe kubwa jekundu, nalo huitwa yakuti ya Black Prince. Yasemekana ya kuwa Edward, mwana wa mfalme, alilipokea mwaka 1367 kutoka kwa Pedro, mfalme wa Castile. Kwa mamia ya miaka wafalme na masonara wao waliliita yakuti. Lakini mwaka 1783 Mfaransa Romé de l'Isle alionyesha ya kuwa mawe ya namna hiyo ni madini mengine, ambayo huitwa spineli. Yafanana na yakuti kwa rangi, nayo mara nyingi huzaliwa pamoja nayo ndani ya marumaru, lakini ndani yake mna magnesi pamoja na alumini, tena umbo lake ni jingine na ugumu wake ni mdogo kuliko wa yakuti. Jiwe la taji lingali mahali pake hata leo. Halikupoteza uzuri wake kwa kuitwa jina lake la haki.

Nchi yetu pia ina spineli. Mwaka 2007, huko Ipanko katika milima ya Mahenge, wachimbaji walipata ndani ya marumaru fuwele ya spineli yenye uzito wa zaidi ya kilo 50, na dunia nzima ikasikia. Na miaka arobaini kabla ya hapo, mwaka 1967, tanzanaiti ilipatikana Merelani. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kudharau mawe ya vilima vyetu. Aliyeokota jiwe asilopata kuliona na alipeleke kwa mwenye ujuzi, na atakaye kuchimba na apate leseni kwanza, kama iamuruvyo sheria, wala asiingie shimoni pasipo miti ya kuzuia udongo. Shimo halimjui tajiri wala maskini.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nanyi wasomaji, mtakapokuwa wakubwa, wengine wenu mtaulizwa mambo na watu wanaowaamini. Mkiwa hamjui, semeni, "Sijui, ngoja tulipime." Neno hilo halimwondolei mtu heshima yake.

Katika shule ile Mwalimu alitengeneza kabati la mawe. Ndani yake mlikuwa na marumaru, naisi, ulanga, kinywe, na kile kijiwe kiangavu cha mistari miwili. Mbele ya yote aliliweka jiwe jekundu kama yai la njiwa, na chini yake karatasi yenye maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Garneti. Mwalimu aliiita yakuti."